Tupeane uzoefu: gemu gani ilikufanya uogope kufa?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Nyuzi za magemu humu huwa zinaishia kwenye ubishi wa picha kali na konsoli ipi ina nguvu. Leo naomba tuongelee kitu kilichomo karibu katika kila gemu tuliyowahi kushika: ukifa, inakufanyia nini? Unarudi wapi, unapoteza nini, na unaruhusiwa kuseivu (kuhifadhi ulipofikia) wakati gani? Kwangu mimi hapo ndipo gemu inapoonyesha inamtaka mchezaji wake awe mtu wa namna gani, kuliko hata hadithi iliyoandikwa kwenye kava.

Historia kwa ufupi. Mashine za mwanzo zilikaa kwenye kumbi na zilikula sarafu. Space Invaders ya 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, kwa kawaida ilimpa mchezaji laifu tatu, yaani nafasi tatu za kufa. Zikiisha, unaingiza sarafu nyingine. Kufa ndiko kulikoleta pesa, kwa hiyo kufa hakukosekani. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mtindo ule ulihamia sebuleni, mahali ambapo TV haina tundu la sarafu. Super Mario Bros. ya 1985 bado inakuanzisha na laifu tatu, unaongeza moja kwa kila sarafu 100 au ukipata uyoga wa kijani. Mwaka uliofuata The Legend of Zelda ikatoka Japani kwenye diski inayoweza kuandikwa. Unazima, unalala, kesho ukiwasha Link, shujaa wa gemu, yuko na upanga wake. Mapinduzi ya magemu ninayoyaheshimu kuliko yote ni hayo.

Uzoefu wangu sasa. Tabora, kibanda cha PlayStation ya kwanza, televisheni mbili na benchi la mbao. Memori kadi ilikuwa moja, ya mwenye kibanda, na nafasi zake zilikuwa 15 tu kwa watoto wa mtaa mzima. Ukifungua ukurasa wa kadi unaona vipicha vidogo vimepangwa, vingine vinachezacheza, na sisi tulijua kila kipicha ni cha nani: huyu Crash Bandicoot yake, yule timu yake ya Winning Eleven. Ligi za mpira zilikula nafasi kadhaa kwa mpigo. Siku moja kijana mkubwa alikosa nafasi ya ligi yake, akafuta kipicha changu mbele ya macho yangu. Safari yangu yote ya Final Fantasy VII ikaondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nililia pale pale, na sioni aibu kusema. Kaka yangu akanitafutia kadi ya mtumba, ya kijivu, nikawa natembea nayo mfukoni nimeifunga kitambaa vumbi lisiingie kwenye meno yake.

Haya, leteni za kwenu.

Binti Chumbageni

Asante kwa uzi, kaka. Sisi nyumbani Tanga tulikuwa na ile mashine ya kaseti ya njano, mimi na kaka yangu mkubwa, na gemu yetu ilikuwa Contra, ya kupigana kwa risasi. Laifu tatu, risasi moja inakuua. Bila ile chiti hamfiki popote: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha Start, unapata laifu 30. Mkiwa wawili mnabonyeza Select kabla ya Start. Nani alituletea pale Chumbageni sijui, ila kila mtoto aliijua. Baadaye sana nikasoma kwamba chanzo chake ni Gradius ya 1986: Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliiweka ili aweze kuijaribu gemu aliyokuwa akiitengeneza, maana ilikuwa ngumu hata kwake. Alifariki 2020, na siku hiyo niliwaza ni watoto wangapi duniani walimaliza gemu zao kwa sababu ya yule mzee.

Lakini uzoefu ninaotaka kuutoa ni ile hatua ya maporomoko ya maji. Pale mnapanda kwenda juu, na skrini inamfuata aliye juu. Ukibaki chini, ukingo wa skrini unakumeza, unakufa bila kupigwa na adui yeyote. Kaka yangu alikuwa mwepesi. Mwanzoni alikuwa anapanda tu, mimi laifu zinaisha moja baada ya nyingine. Halafu akaanza kusubiri. Anaruka ngazi moja, anasimama, anafyatua kuwazuia maadui, ananiambia "njoo, njoo sasa". Hakuna maelekezo yoyote kwenye ile gemu yanayosema msubirini mwenzenu. Kifo chenyewe ndicho kilichompangia mwendo. Mpaka leo tukitembea barabarani ananisubiri vile vile.

Kijana wa Likoni

Mambo ya kuogopa kufa, mimi nitawapa Resident Evil ya 1996, gemu ya mazombi ndani ya jumba, na sitaki mashindano.

Kwa wasioijua: hauwezi kuseivu popote upendapo. Kuna taipureta kwenye vyumba vichache vya lile jumba, na hata ukiifikia, unahitaji utepe wa wino. Tepe zenyewe zina idadi, unaziokota, na zinakula nafasi mfukoni. Ukicheza na Jill una nafasi nane, ukicheza na Chris una sita. Sasa fikiria: bunduki nafasi moja, risasi nafasi moja, majani ya dawa, ufunguo, halafu utepe. Ukiubeba, umeacha kitu kingine. Ukiuacha kwenye sanduku, ukipita taipureta nyingine huko mbele hauna la kufanya.

Nilikuwa nacheza kwa binamu yangu Likoni usiku, watu wazima wamelala, sauti imeshushwa. Ukiingia chumba chenye taipureta muziki unabadilika, unatulia kabisa, na mabega yako nayo yanashuka. Niliketi mle ndani muda mrefu bila kufanya kitu, nikihesabu tepe, nikijiuliza kama nilichokifanya tangu niseivu mara ya mwisho kinastahili utepe mmoja. Nilipata ufunguo, ndiyo, lakini nimetumia risasi nyingi. Je, niseivu hali hii mbovu au nirudi nyuma nifanye vizuri zaidi? Gemu za siku hizi zinaseivu zenyewe kila kona, na ni nzuri, lakini uamuzi ule umepotea. Nauhisi upungufu wake.

Fundi Redio

Gemu ya nyoka kwenye simu ya Nokia 6110. Laifu moja, ukijigonga umekwisha, hakuna cha kuseivu. Na bado tulishinda nayo stendi nzima. Sina la kuongeza.

Mwana Mbagala

Mkuu mleta mada, umegusa vibanda, na mimi naomba niseme jambo ambalo wanaoandika habari za magemu huko nje hawaligusi. Kanuni za kuseivu zilitungwa na watu waliodhani mchezaji yuko nyumbani kwake na muda anao. Sisi tulinunua nusu saa.

Chukua GTA San Andreas. Kwenye PS2 ukifa unaamkia hospitali, silaha zako zote zimekwenda na pesa imekatwa. Misheni ukiifeli, hakuna kuanzia katikati, unaendesha mwenyewe mpaka ilipoanzia. Na kuseivu ni mpaka ufike nyumbani, Grove Street au nyumba nyingine uliyonayo, uingie ndani ukanyage ile alama ya diski. Ile misheni ya treni, unaendesha pikipiki pembeni ya reli, mwenzako Big Smoke yuko nyuma anapiga risasi jamaa wa genge la Vagos walio juu ya behewa, mnajua wote ilivyotesa watu. Ukiifeli kwenye nusu saa ya kulipia, dakika zinazokwenda kwenye kurudi mwanzo ni pesa ya andazi.

Kwa hiyo kibanda chetu Mbagala kilizaa kazi maalumu. Kulikuwa na jamaa mmoja mtaalamu wa kurudi nyumbani. Dakika zako zikikaribia kuisha unampa padi, anajua njia zote za mkato za Los Santos, mji wa ndani ya gemu, hagongi, haamshi polisi, anakufikisha kwenye alama ya diski kabla mwenye kibanda hajasema "toka". Hakutoza kitu, alipenda tu kuaminiwa. Watoto wadogo walikaa kimya wakimwangalia kuliko walivyomwangalia yeyote aliyekuwa akipiga misheni. Kwa mtengenezaji wa gemu, kurudi nyumbani ni kipande kisicho na maana. Kwetu kilikuwa bosi wa mwisho.

Mleta mada

@Mwana Mbagala hii ndiyo sababu nimefungua uzi. Hakuna kitabu cha historia ya magemu kitakachomtaja mtu huyo, na alistahili.

Usiku wa Manane

Naongelea Dark Souls, 2011, FromSoftware, mkurugenzi wake Hidetaka Miyazaki. Najua inasemwa sana kwa ugumu wake, lakini ugumu sio habari. Habari ni mpango wake wa kufa.

Kila adui unayemuua anakupa roho, na roho hizo ndizo pesa yako na ndizo zinazokuongezea nguvu. Ukifa, zinabaki chini mahali ulipoangukia. Unaamkia kwenye moto wa mwisho uliopumzikia, maadui karibu wote wamefufuka, na una nafasi moja ya kuzifuata. Ukifa tena kabla hujazifikia, zimepotea moja kwa moja. Na kuseivu hakukusaidii, kwa sababu gemu inajiseivu yenyewe muda wote. Huwezi kurudisha saa nyuma.

Nilikuwa Nairobi, mwaka mgumu, nimesimamishwa kazi. Nacheza usiku wakati wengine wamelala. Jambo nililoanza kuliona ni kwamba kifo cha kwanza hakikuwa kinaniumiza. Kilichoniua mara ya pili ilikuwa haraka. Unajua roho zako ziko pale kwenye daraja, unakimbia, unawapita maadui bila kuwaangalia, wanakufuata kundi zima, unauawa hatua chache kabla ya kufika. Ile gemu haiadhibu kushindwa, inaadhibu papara ya aliyeshindwa. Nikajifunza kutembea. Natoka kwenye moto, naua mmoja mmoja kwa utaratibu kama vile sina kitu chochote pale mbele. Ornstein na Smough, mabosi wawili wa kule Anor Londo, nilikuja kuwamaliza usiku ambao kabla ya kuingia nilikwenda kwanza kuzitumia roho zangu zote, ili nisiwe na cha kuogopea. Mikono ilitulia.

Wanaosema ni gemu ya kutesa watu sikubaliani nao. Sijawahi kucheza kitu kinachomheshimu mchezaji kiasi hicho.

Mama Wawili

Jamani sisi akina mama wa simu mnatusahau. Candy Crush inakupa roho tano, ukifeli leveli inakwenda moja, na kila moja inachukua dakika 30 kurudi. Zikiisha unasubiri, au unawaomba marafiki, au unalipa. Mimi nilikuwa nacheza nikinyonyesha mtoto wangu wa kwanza, na nawaambia kweli, zile roho ziliponiishia ndipo nilipokuwa nalala. Lakini leveli zikifika juu zinakuwa ngumu kwa namna ambayo unahisi kabisa unaelekezwa kwenye pochi. Mleta mada amesema mashine za zamani ziliua ili zipate sarafu. Mimi naona tumerudi pale pale, ila sarafu sasa inatoka kwenye simu.

Mleta mada

Dada Mama Wawili, umeona mbali, na naomba wachangiaji wengine walisome hili taratibu. Tofauti ni kwamba mashine ya ukumbini ilikula sarafu yako ukiwa umesimama na wenzako wanaona, huku kwenye simu uko peke yako saa nane za usiku. Nina mpwa wangu wa darasa la sita na hili linanihangaisha.

Kalamu Nyeusi

Nitajibu upande ambao haujaguswa: kifo ambacho kuseivu hakukiondoi. Mleta mada umetaja Final Fantasy VII, na naamini kipicha chako kilifutwa kabla hujamaliza diski ya kwanza, la sivyo ungesema. Aerith, mmoja wa wenzako katika safari, anauawa na adui mkuu Sephiroth, na hakuna la kufanya. Sasa kumbuka kwamba katika gemu ile ile una Phoenix Down, dawa ya kumwinua mwenzako aliyeanguka vitani, umeitumia kwa kila mtu tangu mwanzo. Wachezaji duniani kote walitafuta njia ya kumrudisha. Mtaani kwetu Ilala kulikuwa na uvumi wa kila aina, fanya hivi kanisani, mpe ua fulani, mfikishe leveli fulani. Haukuwa na ukweli hata mmoja. Nilimaliza gemu nzima bado nimemwachia silaha yake nzuri kwenye mkoba.

Na ya pili ni Undertale ya 2015, imetengenezwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Toby Fox. Mwanzoni kuna Toriel, anayekulea kama mama, na anakuzuia usitoke. Wengi wanampiga, anakufa, wanajisikia vibaya, wanafungua seivu ya nyuma na safari hii wanamwacha hai. Nilifanya hivyo. Mbele kidogo likatokea lile ua, Flowey, likaniambia linajua nilichofanya, kwamba nilimuua kisha nikarudi kwa sababu nilijuta. Niliacha kibodi nikarudi nyuma na kiti. Miaka yote ile ya kufuta na kurudia, sikuwahi kukutana na gemu iliyokuwa ikiniangalia nikirudia. Na ukicheza njia ya kuua kila kiumbe mpaka mwisho, kuna kitu kinabaki kimeandikwa pembeni, na hata ukianza upya ukawa mwema kabisa, tamati yake inabadilika.

Anayejua gemu nyingine inayokumbuka namna hii aitaje, natafuta ya kucheza sikukuu. Na @Binti Chumbageni, kaka yako bado anacheza?