Mjadala: Bendi za dansi la zamani zitoe albamu mpya, au zibaki na zilipendwa?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nimerushiwa nyimbo za bendi moja ya hapa Dar, siitaji, inayotoa albamu mpya na kujinadi kuwa ni "dansi halisi la miaka ya sabini". Nimesikiliza zote. Waimbaji wako vizuri, mashairi yana kisa, gitaa la solo linalia linavyotakiwa. Halafu zinaingia tarumbeta, na tarumbeta zenyewe ni kinanda.

Kuna wanaosema bendi za aina hii ziachane na habari za albamu, zipige zilipendwa ukumbini, wazee wakumbuke ujana wao, basi. Mimi siko huko. Zilipendwa nazo zilikuwa mpya siku moja. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na kila jina lilikuja na nyimbo zake. Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, walipoingia mjini 1978 wangeshindana vipi na Msondo bila mtungo wao wenyewe?

Ila nina sharti. Tunadhani mtindo wa zamani ni shati la maua na jalada lenye picha ya rangi ya kahawia. Kumbe ulikuwa utaratibu wa kazi. Wimbo unatungwa, unafanyiwa mazoezi, unapelekwa ukumbini. Watu wakikaa chini, unarudi mazoezini. Ukishaiva ndipo bendi inakwenda Radio Tanzania kurekodi, wote wakipiga kwa pamoja. Ndiyo maana kwenye kanda zile unasikia kipulizo kinamjibu mwimbaji: huyu anavuta pumzi, yule anaingia. Kinanda hakivuti pumzi.

Niliwahi kukaa nyuma ya jukwaa na mzee mmoja wa mdomo wa bata, yaani saksafoni. Kabla ya kupanda alitoa wembe, akakikwangua kile kipande cha mwanzi cha mdomoni, akapuliza, akakunja uso, akakwangua tena. Alikuwa nacho hicho kimoja tu, na usiku ulikuwa bado mrefu.

Basi: albamu mpya, ndiyo au hapana? Na kama ndiyo, vipulizo alipie nani?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umesahau waliokuwa wanalipa. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Kimulimuli ya JKT, Bima Lee ya Shirika la Bima. Vyombo vya shirika, mshahara wa shirika. Mpiga tarumbeta alikuwa na mwisho wa mwezi kama karani. Leo bendi inagawana viingilio, na mvua ikinyesha hakuna cha kugawana. Kinanda ni mtu mmoja, nauli moja, sahani moja ya chakula. Usiwalaumu.

Mchangiaji wa pili: Mimi napinga albamu. Angalieni Marekani. Miaka ya 1990 vijana walifufua swing, dansi la zamani la kwao, suti pana, kofia, kila kitu. Mwaka 1998 kampuni ya nguo ya Gap ikatangaza suruali za khaki kwa wimbo wa zamani wa Louis Prima, watu wakarukaruka kwenye televisheni. Mwaka uliofuata Brian Setzer na bendi yake wakabeba Grammy kwa wimbo huohuo. Baada ya hapo? Suti zikarudi kabatini, na wimbi likaishia hapo.

Mleta mada: Mfano wako unanisaidia mimi. Wimbo uliobeba tuzo ulikuwa wa kurudia, yaani zilipendwa ya kwao! Wangekuwa na mitungo mipya yenye nguvu ile, labda tungekuwa tunaongea mengine. Halafu Setzer alipanda na vipulizo vya kweli, safu nzima.

Mchangiaji wa tatu: Mimi nasumbuliwa na hilo neno "halisi". Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, nani kati yao alipiga jazz ya Wamarekani? Walisikiliza santuri za Kyuba, wakachanganya na ya kwao. Salum Abdallah alikuwa Morogoro, bendi akaiita Cuban Marimba! Wazee wale waliokota kila kilichowafaa. Wangekipata hicho kinanda mnachokitukana, wangekipiga.

Mleta mada: Hapo umenibana, nakubali. Lakini wangekipiga kama kinanda, wasingekisingizia kuwa ni tarumbeta. Ugomvi wangu uko hapo. Napendekeza hivi: badala ya nyimbo kumi za kinanda, toeni tatu zenye vipulizo vya watu, zilizokwisha kupigwa ukumbini mpaka wachezaji wanajua chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka, linaingia wapi.

Mchangiaji wa kwanza: Tatu sawa, hesabu inaingia. Wapulizaji utawatoa wapi? Huyo mzee wako wa wembe bado anapiga?

Mleta mada: Anapiga. Ila wa tarumbeta hatuna, aliyekuwepo ameacha.

Mchangiaji wa tatu: Hamna vipi? Jumamosi simama barabarani hapo kuanzia saa tisa alasiri. Kila msafara wa harusi una pikapu, na nyuma ya pikapu vijana wanne, watano wamesimama na matarumbeta, gari linakwenda, wanapuliza bila kukosea. Kuna bendi imewahi kuwafuata hata mmoja?