Green Acres: tunamcheka mume, mke au wanakijiji? Tuamulieni

Mama Udi, Ganda

Assalaam alaykum wenzangu. Nina swali ambalo limeshatia mzozo nyumbani, kwa hivyo nijibuni kwa insafu, msinipendelee kwa kuwa ni mwanamke.

Mpwa wangu alituletea flashi imejaa vipindi vya zamani vya Marekani, na mle ndani mna mchezo wa kuchekesha uitwao Green Acres. Kwa asiyeujua: wakili mmoja mwenye pesa zake, Oliver Douglas, amechoka na New York na ananunua shamba mahali paitwapo Hooterville. Mkewe, Lisa, mzaliwa wa Hungaria, ni mtu wa maduka na karamu, shamba hataki hata kulisikia. Anafuata kwa kuwa mume ashaamua. Nyumba ni gofu. Mlango wa kabati ukiuvuta unakuja nao mkononi, na chumba cha kulala mafundi hawakimalizi miaka nenda miaka rudi.

Sasa nisikilizeni mimi. Mume wangu alistaafu bandarini Kilindini. Mimi nilikuwa na duka la leso mtaa wa Biashara, Mombasa, wateja wangu ni maharusi na mama zao. Jioni moja akaniambia amenunua shamba nyuma ya Ganda, karibu na Malindi. Amenunua. Hakusema anataka kununua. Basi mimi na mamake tukapakiwa pamoja na vyungu, tukaja.

Kwa hivyo mnaelewa kwa nini tunautazama mchezo huu kila usiku baada ya isha, na kwa nini hatucheki mahali pamoja. Umeme wa kina Douglas, kwa mfano. Kila kifaa kimepewa nambari, na ukivijumlisha vinavyowashwa pamoja isizidi saba, ikizidi ni giza. Mume wangu hakucheka hata kidogo. Ukutani kwetu kuna karatasi aliyoibandika mwenyewe: pampu ikifanya kazi, friji izimwe, feni tusiiguse. Sola tuliuziwa na mtu aliyeapa kuwa itaendesha hata mashine ya kufulia. Tena simu yao iko juu ya nguzo, ikilia Oliver anapanda kama mgema, na suti yake na tai. Hapo nilicheka mpaka mama mkwe akaniletea maji, kwa sababu mtandao kwetu unashika juu ya kichuguu kilicho karibu na mwembe, na mwenye kukipanda ni yuleyule.

Mzozo wetu ni huu. Mume wangu ashikilia kwamba mchezo unawadharau wakulima. Asema watu wa kijiji wote wamefanywa majuha, mwenye akili ni wakili peke yake, na ndivyo watu wa mjini wanavyotuona siku zote. (Anasema "wanavyotuona". Juzi tu alikuwa Kilindini.)

Mimi nasema anayechekwa ni Oliver. Mtazameni vizuri. Analima kwa suti ya vipande vitatu. Trekta lake linaachia magurudumu. Kila akianza hotuba yake kuhusu mkulima aliyeijenga Marekani, filimbi inaanza kulia, na walio karibu naye wanaisikia, wanageuza shingo kutafuta inatoka wapi! Yeye tu haisikii. Lisa kwa upande wake hajui kupika, chapati zake za asubuhi hazitafuniki, anavaa hariri na manyoya zizini, lakini anaongea na kuku, anaongea na ng'ombe, na kijiji kizima kinampenda. Hakupataka pale na pamemkubali. Mume anapapenda na panamkataa kila siku. Hicho ndicho kichekesho, au sivyo?

Nimesahau Arnold. Arnold ni nguruwe. Mzee Ziffel na mkewe wamemlea kama mwana wao, na anatazama televisheni. Siku ya kwanza mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio, stakhafirullah, zima hiyo. Siku hizi asipomwona anauliza, "Yule mtoto wa kina Ziffel leo yuko wapi?" Na kilichomkata kabisa ni kuona kuwa mamake Oliver yuko upande wa mkaza mwana wake, si wa mwanawe. Alipiga makofi. Mume wangu akatoka nje kuangalia mbuzi.

Swali la pili: walirudi mjini mwishowe? Flashi inakatika bila kusema.

Sikio la Redio, Barani

Wa alaykum salaam, dada. Huu mchezo naujua tangu zamani, acha nianze na swali la pili kwa kuwa jibu lake ni la kuudhi: haukumalizwa. Ulianza kwenye CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, tarehe 15 Septemba 1965, ukaenda misimu sita, vipindi 170, kisha 1971 ukakatwa. Na haukukatwa peke yake. Mwaka huo CBS ilifagia michezo yake ya mashambani karibu yote, hata iliyokuwa na watazamaji wengi, kwa sababu wenye matangazo walitaka vijana wa mijini wenye pesa za kununua, hawakutaka wazee wa vijijini. Pat Buttram, aliyeigiza Haney yule mlaghai, alikuwa akitania kwamba mwaka huo walifuta kila kipindi chenye mti ndani yake. Filamu ya televisheni ilikuja 1990, na humo Oliver na Lisa wanarudi New York, mji unawashinda, wanaishia Hooterville tena. Mpe mzee salamu zake hapo.

Sasa la kwanza. Kabla ya televisheni kulikuwa na mchezo wa redio mwaka 1950, Granby's Green Acres, wa Jay Sommers, kuhusu mtu wa benki anayehamia shamba bila ya kujua lolote. Sommers ndiye aliyelibeba wazo hilo mpaka televisheni, chini ya Paul Henning aliyekuwa na michezo mingine ya watu wa shamba. Kwa hivyo mbegu ya kichekesho tangu mwanzo ni mgeni. Wenyeji hawakuwa shabaha.

Ila nisikubaliane nawe moja kwa moja. Wakulima wa Hooterville si werevu kivile. Wanaishi kwa hesabu yao wenyewe, na ndani ya hesabu hiyo kila kitu kinalingana. Majina ya watunzi na waongozaji yanatokea yameandikwa kwenye mayai au nguo zilizoanikwa, na Lisa anayaona! Anauliza. Oliver haoni kitu. Mtu mmoja timamu katikati ya watu waliokubaliana kuwa wazimu, nani wazimu hapo? Ndiyo maana anakasirika kila kipindi. Wakili amezoea kushinda kwa hoja, na hakuna hata mmoja anayemjibu kwa hoja.

Tafuta kipindi cha kwanza kabisa kama kimo. Kimetengenezwa kama taarifa ya habari, na msimulizi ni John Daly, mwanahabari wa kweli.

Mwana wa Langoni

Mamangu, shikamoo. Mimi niko Lamu na nina malalamiko mawili.

La kwanza, Arnold. Angezaliwa huku angekuwa punda, na hapangekuwa na haja ya kumbuni. Punda wetu anabeba matumbawe mpaka kwenye ujenzi, anashushwa mzigo, anarudi nyumbani peke yake akipita vichochoro ambavyo mgeni na simu yake yenye ramani anapotea. Akisimama katikati ya njia, mwanasheria na suti yake atangoja kama sote tunavyongoja. Mpe televisheni ataitazama.

La pili, naona mchezo huu hauwezi kuandikwa na mtu wa kwetu hata akitaka. Wazee wetu walikuwa na nyumba za mawe mjini na mashamba bara, wakavuka kwa mashua msimu wa kulima, wakarudi na mahindi na ufuta. Mtu yuleyule. Mjini ana kanzu na kofia, ng'ambo ana jembe. Hakuhitaji kuchagua na hakutoa hotuba. Oliver anachekesha kwa sababu huko kwao mji na shamba ni watu wawili wasiojuana, na yeye ameruka ukuta huku akipiga kelele ili wote wajue ameruka.

Mzee naye namtetea kidogo. Haney ni nani kama si dalali? Kila akija na lori lake ana kitu ambacho Oliver amegundua dakika hiyohiyo kuwa anakihitaji. Huyo hachekeshi mtu aliyeuziwa sola.

Kombo la Bahari

Mimi kilichonishinda ni vile vicheko vya kurekodi. Sipendi kuambiwa wakati wa kucheka. Nilizima kipindi cha pili.

Bwana Shamba Mstaafu, Kilifi

Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, Magarini na kwingineko, na nimesoma hapa nikingoja mtu amtaje Hank Kimball. Hamkumtaja hata mmoja. Huyo ndiye afisa wa kilimo wa mchezo: anasema jambo, anajirekebisha, anarekebisha marekebisho, mpaka anasahau aliulizwa nini, na mkulima amebaki amesimama. Wenzangu ofisini wangemtambua mara moja, majina nayahifadhi. Alvy Moore alimwigiza bila kumzidisha chumvi. Hata hivyo mtazame tena: ni mtu anayeogopa kusema uongo. Kilimo hakina jibu moja. Ukiniuliza nipande lini, nami nitaanza na "inategemea", na wewe utaniona Kimball.

Mama Udi, mchezo nimeufurahia lakini mume wako nimemuonea huruma zaidi. Amepanda mahindi gani?

Mama Udi, Ganda

Marahaba mwanangu wa Langoni. Na Sikio la Redio, ahsante, hiyo ya kurudi New York na kushindwa nimeisoma kwa sauti mara mbili na sikufurahi nayo. Nilikuwa natumai.

Bwana Shamba, amepanda 614. Rafiki yake wa bandarini, mtu wa Kitale, alimwambia ndiyo mahindi yenye kuzaa. Yamekuwa marefu, majirani wanakuja kuyatazama. Ila majani ya katikati yana matobo matobo na ungaunga kama wa msumeno. Nimemuuliza akaanza kuniambia jinsi mkulima anavyoilisha nchi. Wallahi nilisikia filimbi.

Mimi kuku wangu wanataga. Siku za Ijumaa nikifukiza udi nyumbani nafukiza na bandani, jirani zangu wa Kigiriama walinicheka, sasa mmoja ameniomba vipande. Nimeanza pia kuuza leso hapa hapa chini ya mwembe, wanawake wakienda kisimani wanapita kwangu. Siuzi kama Biashara, lakini sikai bure.

Bado hamjaniamulia. Naona ni wawili kwangu na mmoja nusu kwake.

Bwana Shamba Mstaafu, Kilifi

Mimi nipo kwako, lakini usimwambie bado, kwanza tuokoe mahindi.

614 ni ya nyanda za juu, Kitale huko kwenye baridi. Inataka miezi sita au zaidi shambani, na mvua zetu za masika hazingoji. Itarefuka, majirani wataisifu, kisha jua litaikuta haijakomaa. Msimu ujao atafute PH4, imetengenezwa kwa pwani, inawahi. Kama anataka kitu kisichomwaibisha, achanganye na kunde.

Hayo matobo na ungaunga ni viwavijeshi, wale walioingia nchini 2017. Aamke alfajiri, kabla jua halijachoma, achungulie ndani ya moyo wa kila mmea. Akiona mayai chini ya jani ayasage kwa vidole. Akiona kiwavi amtoe. Wazee wengine hutia mchanga au jivu pale moyoni na husaidia mahindi yakiwa bado madogo. Dawa asinunue kwa mtu anayepita na pikipiki, aende ofisi ya kilimo ya wadi aulize, wamwandikie jina.

Mama Udi, Ganda

Nimemsomea yote. Ameuliza huyo bwana shamba ni wa kweli au ni wa kwenye flashi.

Amechukua tochi. Mama mkwe naye amevaa makubadhi, asema mwanawe haoni karibu bila miwani, viwavi atawatafuta yeye.