Makanisa kujifunza pamoja kwa vikundi, tuanzeje?

Muulizaji: Bwana asifiwe wapendwa. Huku Mbeya tuko Moravian, KKKT (Walutheri) na Anglikana, tunataka walimu wetu wa sandei skuli wakae pamoja kila mwezi wajifunze, tuanzeje jamani?

Jibu 1: Amina! Anzeni na walimu wawili wawili kila kanisa na mwenyeji awe anabadilika, maana mkikaa kwa mmoja tu wengine watajiona wageni.

Jibu 2: Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki maaskofu wa AMECEA (umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki) walishazipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani, tangu 1976, nguvu yake ni kila mtu anaongea. Msigeuze vikao vyenu kuwa semina.

Jibu 3: Na mabishano ya ubatizo wekeni pembeni kwanza, ongeleeni vijana wanaopotea wakishapata kipaimara, hilo linawauma wote.