Milioni moja kwa mwezi ni utajiri? Nani hasa aongezewe kodi?

Mwalimu, Buhongwa
Mwangaluka wadau. Kila bajeti ikikaribia tunasikia wenye nacho waongezewe kodi. Naomba leo tutaje kiasi. Mwenye nacho ni wa shilingi ngapi kwa mwezi? Sheria imeshajibu, ila jibu lenyewe linaniuma. Tangu Julai 2020 ngazi ya juu kabisa ya kodi ya mshahara, asilimia 30, inaanza ukishavuka milioni moja. Mimi napata milioni moja na laki moja, kwa hiyo niko ngazi moja na mkurugenzi wa milioni ishirini. Toa pensheni 55,000, kodi 141,500, bima ya afya 33,000, mkopo wa chuo 165,000. Nabaki na 705,500 na watoto watatu wako shule. Pendekezo langu: asilimia 30 ianzie milioni mbili, na anayevuka milioni tano akatwe 35 kwa kile kilichozidi. Tena hata huyo wa milioni tano simwiti tajiri. Matajiri wako Igombe na Kayenze hapa Mwanza, wenye mitumbwi ya kuvua ziwani, usiku mmoja wanaingiza mshahara wangu wa mwezi na hawakatwi hata mia.

Mkazi wa Pasiansi
Mwalimu una haki. Hiyo 30 ni balaa. Jirani yangu alikuwa chini kidogo ya milioni, wakampandisha akavuka kwa elfu ishirini, sasa halali. Anasema wanachukua karibu theluthi ya mshahara wote. Na wa chini nao wanakatwa 9.

Mhasibu, Nyakato
Kaka, tusipotoshane. Ya chini ni 8, ilishuka kutoka 9 Julai 2021, tena laki mbili na sabini za mwanzo haziguswi. Jirani yako mwambie alale. Ukishatoa pensheni, milioni kamili inalipa kodi 128,000. Akizidisha elfu ishirini anaongeza 6,000 tu, kwa sababu 30 inakata kile kilichovuka. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshaona mtu anasitasita kupokea cheo kwa kuogopa huo mstari.

Tajiri wa mitumbwi, Igombe
Mwalimu, hizo ngazi zenu sizijui, ila hilo la "hawakatwi hata mia" nimelisoma mara tatu. Nalipa leseni yangu, nalipa leseni ya kila chombo, nalipa ushuru wa mwalo, pale tunaposhushia samaki. Na hilo jina tajiri usiliegemee. Huku ziwani ukinunua mtumbwi wa mkopo na injini ya mkopo, jioni hiyo hiyo unaitwa tajiri. Kuna watu wanaitwa tajiri na nyavu zenyewe wanadaiwa! Huo usiku mmoja unaousema ni wa giza. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinalala nchi kavu, na siku hizo zote mshahara wako wewe unahesabika. Februari majambazi walinivua injini mbili katikati ya maji. Wewe umewahi kunyang'anywa mshahara na mtu mwenye panga?

Mwalimu, Buhongwa
Pole kwa injini, kaka, kwa moyo wote. Ila leseni si kodi ya kipato. Leseni unalipa umepata au umekosa. Nilichouliza ni kile kinachobaki mkononi mwako mwezi ukiisha. Changu kinajulikana na kila mtu mpaka senti. Chako nani anakijua?

Mama Dagaa, Kirumba
Wanangu, niko pale mwaloni tangu 1998. Tajiri wa dagaa na tajiri wa sangara msiwafunge kamba moja. Wa sangara ana mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki vinavyouzwa ghali. Samaki akienda kiwandani anapimwa na karatasi inaandikwa, lakini kuna wanaochomoa bondo wakaliuza pembeni, noti mkononi. Mimi mfanyabiashara mdogo nakadiriwa kodi kwa mauzo. Dagaa wakinyeshewa wakiwa bado kwenye kichanja, nimekula hasara, lakini nikiuza hao walioharibika kwa bei ya chakula cha kuku, hayo nayo ni mauzo. Tuanzie hapo kabla ya kumfikiria mwenye milioni tano.

Mpangaji, Igogo
Naona tunapotea. Kipato kinafichika, nyumba haifichiki. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, na jengo si langu. Nimepanga vyumba viwili huku juu ya mawe. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa Capri Point, yenye bustani inayoshuka mpaka majini, nayo ni 1,500. Ni 18,000 kwa mwaka, huku na kule. Kama kweli tunamtafuta tajiri, jengo lithaminiwe pale lilipo na kodi alipe mwenye hati. Mwalimu, hapo unasemaje?

Tajiri wa mitumbwi, Igombe
Mama, shikamoo. Lakini la mabondo umetupaka wote. Mimi sina bondo hata moja, navua dagaa. Watu wakisoma hapa watakuja mwaloni wakidhani kila mtumbwi umebeba dhahabu.

Mama Dagaa, Kirumba
Marahaba. Mbona nimesema wa sangara? Soma tena, mwanangu.

Mkazi wa Pasiansi
Turudi kwenye kiasi. Kenya mwaka 2023 waliongeza ngazi mbili: 32.5 kwa anayevuka laki tano zao, na 35 kwa anayevuka laki nane. Laki nane ya Kenya kwetu inapita milioni kumi. Kwa hiyo huyo wa milioni tano wa mwalimu ni mtu wa kawaida tu, mwacheni apumue.

Mwalimu, Buhongwa
Wa kawaida wa wapi? Julai 2025 kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 na ofisini kwetu mhudumu alilia kwa furaha. Milioni tano ni mishahara kumi ya yule mama. Usimwite wa kawaida mbele yake.

Mpangaji, Igogo
Hamjanijibu la nyumba.

Mwalimu, Buhongwa
Ndugu, mimi nyumba yangu nimeijenga kwa miaka tisa, chumba kimoja kimoja, bati bado nadaiwa. Mkija kuithamini mtanihesabu nami tajiri. Hapo sikubali.

Mpangaji, Igogo
Nimetaja Capri Point, wewe unanijibu ya Buhongwa.

Baharia, Ukerewe
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Sisi tuko wanne mtumbwini. Tajiri anatoa kwanza petroli, anatoa chakula, anatoa matengenezo, kinachobaki nusu yake na nusu yetu sisi wanne. Risiti ya petroli hatujawahi kuiona. Serikali ikimwongezea kodi leo, kesho ataiweka kwenye matengenezo na mimi ndiye nitakayeilipa. Mnabishana akatwe 30 au 35. Asilimia ya nini, kama hakuna daftari? Lazimisheni kwanza daftari la chombo, na sisi tulio ndani ya mtumbwi tuwe na haki ya kulisoma.

Tajiri wa mitumbwi, Igombe
Mdogo wangu, daftari si tatizo. Tatizo ni baharia anayekopa kwangu wiki hii, wiki ijayo yuko mwalo mwingine anakopa kwa mwenzangu. Waulize wenzako hizo hela zilienda wapi. Hasara hiyo nayo niiandike?

Baharia, Ukerewe
Iandike, kaka, na jina la aliyekukimbia uliandike. Mimi niko kwa tajiri mmoja tangu 2019, sijahama. Hilo daftari nimeliomba mara mbili.