Ukoo wa Babu Mwadime: Kasigau Disemba

*Jumamosi*

Wakesho 06:41
Hamjambo wote. Treni ya asubuhi kwenda Voi ni tarehe 20 Disemba. Tiketi za mwezi huo huisha mapema, na mnakumbuka yaliyotupata mwaka juzi pale Syokimau. Naomba majina ya watoto kufikia leo jioni. Wa miaka 3 hadi 11 analipiwa nusu, kwa hivyo nataka miaka ya kweli.

Wakesho 06:43
Pia mchango wa mbuzi, 1,500 kila nyumba. Tumeni kwa namba yangu ya siku zote, si ile ya duka.

Wakesho 06:44
La tatu. Mghanga anataka Baba, yaani babu yao, awapeleke watoto porini. Someni alichoandika jana usiku kabla ya kujibu.

Wakesho 07:58
Watu 23 mmesoma. Nijibuni tafadhali.

Baba Zawadi 08:15
Zawadi anakuja. Miaka 11. Ya kweli, nilikuwepo akizaliwa.

Shemeji Saidi 08:17
Ulikuwepo? Si ulikuwa Kasarani kwa mpira 😂😂

Baba Zawadi 08:17
Nilifika dakika za nyongeza 😂

Wakesho 08:20
Tusianze.

Mghanga (Minnesota) 08:32
Dada, ngoja nieleze vizuri. Sikusema tukaue mnyama Kasigau. Righa ana miaka 12 na msimu huu amepata kulungu wake wa kwanza. Tangu siku hiyo ananiuliza habari za Babu kila jioni. Anataka kujua Babu alianza na miaka mingapi, nani alimfundisha, alikuwa akiogopa au la. Mimi sina majibu.

Mghanga (Minnesota) 08:39
Huku mtoto wa miaka 10 na 11 huruhusiwa kuwinda kulungu mzazi akiwa karibu kiasi cha kumshika. Akifika 12 kwa kawaida huhitaji cheti cha usalama wa bunduki. Righa alianza kozi ana 11, kuna mtihani, kisha siku nzima ya mazoezi nje. Msimu mzima wa mwaka jana alikaa nami mtini bila kubeba chochote, amevaa koti la machungwa linalong'aa kama sheria inavyowataka wawindaji. Baridi mpaka anatetemeka. Hakuniomba turudi.

Mghanga (Minnesota) 08:41
Mwaka huu kulungu alipita mbele yake mara mbili akamwacha. Nikamnong'oneza, mbona hupigi? Akasema nyuma yake kuna barabara. Hapo ndipo nilijua mwanangu yuko tayari. Si siku aliyompata, ni siku aliyomwacha.

Mama Zawadi 08:50
Mungu amlinde 🙏🏾

Wakesho 08:55
Nimekuelewa ndugu yangu, na nimefurahi kwa Righa. Lakini huku si huko. Uwindaji Kenya ulifungwa 1977, na sheria ya 2013 haikuufungua, hata ule wa kitoweo tu. Kanga, sungura, digidigi, wote hawaguswi. Sitaki mtoto yeyote wa ukoo huu aonekane Kasigau na manati mfukoni. Askari wa wanyama wanazunguka kule kila siku.

Mghanga (Minnesota) 08:57
Manati hapana. Kutembea na Babu tu, asome nyayo.

Wakesho 09:02
Basi sikilizeni. Disemba mvua ya vuli inakuwa haijaisha, mahindi yako shambani, na ndovu hushuka usiku. Watoto hawatoki nyumbani kabla jua halijapanda, na lazima awepo mtu wa kule anayejua njia. Nani atampigia yule kijana wa Bungule?

Wakesho 09:04
Halafu ile podo ya Baba ukutani. Ile mishale ina sumu, na sumu ya mshale haichachi kama maziwa. Inakaa miaka na inasimamisha moyo. Iondolewe kabla mtoto yeyote hajaingia mle ndani.

Shemeji Saidi 09:10
Podo waachieni. Mwambieni Baba Zawadi asimkaribie kanga. Mnakumbuka ile Idi, jogoo wa kawaida tu, alimfukuza mpaka juu ya tangi la maji 😂😂😂

Baba Zawadi 09:11
Yule hakuwa jogoo. Alikuwa askari wa mwenye nyumba!

Mshai (Kasigau) 09:13
😂😂 Babu anauliza nacheka nini

Shemeji Saidi 09:14
Mwambie shemeji yangu amepanda tena

Mama Zawadi 09:15
Na viatu vilibaki chini 😂

Wakesho 09:31
Nimeuliza mambo mawili. Kijana wa Bungule, na podo.

Wakesho 11:20
Mbili.

Mama Jabari 13:12
Samahani wifi, nilikuwa sokoni Burma, nikarudi nikakuta stima zimepotea Umoja nzima. Nimesoma yote sasa.

Mama Jabari 13:19
Jabari ana miaka 9. Atakuja kumsalimia babu yake na atakula na wenzake. Porini haendi. Nyinyi mnajua sababu na mmeizunguka tangu asubuhi. 2016 nilitoka kwenda Voi mara moja kununua unga, nikarudi mtoto wangu hayupo. Saa tatu usiku ndio analetwa, amenyamaza, suruali imelowa. Na nikaambiwa ni mambo ya wanaume. Shemeji, mpaka leo hujanieleza mlikwenda wapi.

Baba Zawadi 13:40
Shemeji, hayo yalipita jamani. Mwamburi mwenyewe sasa ni mwanamume wa chuo, ana ndevu kunishinda mimi 😂

Mama Jabari 13:41
Sijacheka.

Wakesho 13:55
Wifi, uko sawa kusema. Lakini naomba tumalize orodha kwanza, hilo tulizungumze ana kwa ana. Righa ✅ Zawadi ✅ Jabari nyumbani tu. Wengine?

Wakesho 16:08
Michango: nimepokea ya nyumba mbili. Asante Saidi. Asante Mama Zawadi.

Mghanga (Minnesota) 16:30
Nimelala kidogo nimeamka. Zawadi anajua kuwa ni kutembea saa tatu nne juani? Nauliza kwa sababu kuna watoto wanapenda wazo lakini hawapendi miiba.

Baba Zawadi 16:44
Nimemuuliza. Amesema anataka kuona mbuzi akichinjwa pia, kwa sababu amechoka kula kitu ambacho hajui kilikuwa na uso gani. Maneno yake hayo. Sikumfundisha mimi.

Shemeji Saidi 16:47
Huyo mlete mapema nimfundishe kunoa kisu. Kisu butu ni dhuluma kwa mnyama. Kwetu Majengo mtoto kwanza hushika taa, halafu hushika miguu, miaka inapita kabla hajapewa kisu.

Mwamburi 19:52
Shikamooni wote. Nilikuwa kwenye foleni Jogoo Road, nimesoma nikiwa ndani ya matatu.

Mwamburi 19:58
Mama, nilikwambia tulipotea. Hatukupotea. Tulienda na vijana wawili wa pale kukagua mitego ya waya, nyuma ya vile vichaka vya kuelekea Rukinga. Baba mdogo naye hakujua tunaenda kwenye mitego, nilimwona akishtuka. Kulikuwa na digidigi amenaswa mguu. Alikuwa hai. Waya umeingia mpaka mfupa ulionekana, mweupe, na inzi. Alikuwa akitutazama wala hakulia. Mwenzake alikuwa amesimama kama hatua kumi hivi, hakukimbia. Mimi nilidhani wanyama wote hukimbia watu.

Mwamburi 20:01
Nilisema nataka kurudi. Nikasema tena. Kijana mmoja akasema mtoto wa Nairobi huyu. Wote wakacheka, basi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka 9, kama Jabari sasa.

Mwamburi 20:03
Simlaumu mtu. Lakini mkiulizana miaka mingapi, mimi ningesema muulizeni mtoto mwenyewe kabla hamjatoka, na mkiwa huko akisema turudi, mrudi. Hata kama mmebakiza hatua kumi.

Mama Jabari 20:05
Mwanangu.

Mghanga (Minnesota) 20:09
😔

Baba Zawadi 20:26
Mwamburi, nisamehe. Nilicheka nao. Nilijua si kitu cha kucheka nikacheka kwa sababu wao walicheka. Shemeji, ningekwambia usiku uleule. Niliona aibu, halafu miaka ikapita na aibu ikawa mzaha. Nisamehe.

Shemeji Saidi 20:31
Alhamdulillah limesemwa.

Mshai (Kasigau) 21:02
Nimemsomea Babu yote kuanzia asubuhi. Ametaka niandike atakavyosema nisiongeze.

Mshai (Kasigau) 21:17
BABU: Wanangu na wajukuu. Mimi sikuhesabiwa miaka. Baba yangu alinipa kibuyu cha maji nikabeba viangazi viwili, upinde sikuugusa. Kila tukirudi aliniuliza umeona nini leo. Nikisema sikuona kitu, kesho yake nabaki na mbuzi. Siku moja nikamwambia, baba, digidigi wa pale kwenye mbuyu leo yuko peke yake, na siku zote ni wawili. Akanitazama muda mrefu. Akasema kesho utakuja.

Tuliwinda kwa njaa. Hatukujionyesha kwa watu. Baba yangu alifungwa 1957 kwa nyama tuliyokula sisi watoto wake. Alirudi lakini sauti haikurudi.

Simpeleki mtoto wa mtu kuua. Ila nitawaonyesha pale digidigi anapokunya, maana hunya mahali pamoja kila siku, ndio mpaka wa shamba lake. Nitawaonyesha unyayo wa jana na wa leo. Anayeweza kukaa chini ya mti mpaka kivuli kihame bila kuuliza simu, aje, awe mvulana au msichana. Anayeweza kusema Babu naogopa, huyo atembee mbele karibu nami.

Usiku ule wa Mwamburi niliona hakula chakula. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu sikutaka kumwaibisha mwanangu mbele ya mkewe. Hilo ni langu mimi, si la Baba Zawadi peke yake. Mama Jabari, nitakuomba msamaha ukifika, si kwa simu.

Mshai (Kasigau) 21:18
Amemaliza. Amekwenda kukaa nje.

*Ujumbe huu umefutwa na Mghanga (Minnesota)*

Mghanga (Minnesota) 21:34
Nimeiondoa ile picha ya kulungu. Baba hakuniambia niiondoe. Nimeona tu.

Mama Zawadi 21:40
Asante Baba 🙏🏾

Shemeji Saidi 21:41
🙏🏾

Wakesho 21:58
Asante Baba. Sina la kuongeza juu ya hayo.

Wakesho 22:01
Kwa hivyo: Righa na Zawadi watatembea na Baba, jua likishapanda. Mbuzi tarehe 24, anayetaka kuona aone, asiyetaka atapikiwa maharage na asichekwe na mtu. Wifi, Jabari nimwandike wapi?

Mama Jabari 22:10
Ameketi hapa kando yangu ananisomea juu ya bega. Anasema anaweza kukaa kimya. Mwamburi naye anasema atakuja, watatembea pamoja. Mimi sijui. Niache niongee na baba yao akirudi zamu.

Wakesho 22:12
Nahitaji jibu kesho saa nne, kabla sijanunua tiketi.

Mama Jabari 22:13
Niache wifi.

Wakesho 22:14
Sawa.

Wakesho 22:20
Kijana wa Bungule bado hajapigiwa. Nani ana namba yake mpya?

Wakesho 22:37
Mshai, podo imeondolewa ukutani?

Mshai (Kasigau) 22:45
Bado shangazi. Naiona kutoka hapa nilipo.

Wakesho 22:45
Itoe.

Mshai (Kasigau) 22:49
Ilikuwa ya baba yake. Siwezi kuigusa mpaka aniambie mwenyewe. Na bado yuko nje.