Mrejesho: kifurushi cha vinywaji melini, hatukununua

Niliwauliza kama mimi na mke wangu tununue kifurushi cha vinywaji (unalipa bei moja ya kila siku, kisha unaagiza vinywaji bila kulipia kimoja kimoja) kwa safari yetu ya meli ya siku 7, au tulipie kila glasi. Tumerudi salama. Hatukununua, na sijuti.

Kilichonitoa kwenye wazo lile ni masharti. Mimi hunywa bia, mke wangu hagusi pombe kabisa, lakini kampuni ilitaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue. Juu yake kuna ada ya huduma ya asilimia 18, na unalipia siku zote 7, hata zile mnazoshinda nchi kavu. Nilipopiga hesabu, ilibidi ninywe vinywaji kama kumi kila siku, vya kwangu na vya mwenzangu, ndipo pesa irudi. Kumi! Ningeshuka nimebebwa.

Melini nikawa naandika kwenye simu kila ninachoagiza. Siku za baharini nilifika vinne, siku za bandari kimoja au viwili. Maji, chai na kahawa ya kawaida vilikuwa bure, mke wangu akatosheka navyo. Soda zake chache tulilipia.

Mlioniambia kwamba anayetaka kifurushi anunue kabla ya kupanda mlikuwa sahihi. Melini bei ilikuwa juu zaidi. Jirani yetu wa mezani alinunua na akafaidi kweli, ila yeye kokteili ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi.

Bili yetu ya mwisho ya vinywaji haikufika nusu ya kifurushi.