Je, Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) vilikuwa vita vya dini?

Msomaji wa Jioni:
Habari zenu wanajukwaa. Kila kitabu ninachofungua huviita Vita vya Miaka Thelathini ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti. Hata hivyo, mwaka 1635 Ufaransa ya Kikatoliki, ambayo mambo yake yaliendeshwa na Kadinali Richelieu, iliingia vitani ikiwa upande mmoja na Waswidi Walutheri, dhidi ya Hispania ya Kikatoliki. Kama chanzo kilikuwa dini, kadinali aliwezaje kufanya hivyo? Naomba wenye ujuzi wanifafanulie.

Wakili Mstaafu:
Ndugu yangu, kabla ya kufika kwa kadinali, tuanzie kwenye ardhi. Mkataba wa Augsburg wa mwaka 1555 uliwapa watawala wa Dola Takatifu la Roma, yaani muungano wa nchi nyingi za Kijerumani na jirani zake chini ya kaizari, haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri, lakini haukuwatambua Wakalvini, tawi jingine la Waprotestanti, na uliacha ubishi mzito juu ya mali za Kanisa. Huko Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), Kaizari Rudolf II, aliyekuwa pia mfalme wa huko, alitoa hati ya uhuru wa kuabudu mwaka 1609, na makubaliano yaliyoambatana nayo yakawaruhusu Waprotestanti kujenga makanisa kwenye ardhi ya mfalme. Waprotestanti wa miji ya Hrob na Broumov walijenga wakiamini kwamba ardhi iliyokuwa chini ya askofu mkuu au abati nayo ni ya mfalme. Wenye ardhi wakakana katakata. Kanisa la Hrob likabomolewa, la Broumov likafungwa.

Walalamikaji walijibiwa kwa barua kali. Tarehe 23 Mei 1618 mabwana wa Kiprotestanti wakapanda hadi kwenye ngome ya Praha, wakawabana wawakilishi wa mfalme, Slavata na Martinic, waseme kama wao ndio walioshiriki kuiandika, kisha wakawatupa dirishani pamoja na karani Fabricius. Wote watatu walinusurika. Mimi niliyefanya kazi ya sheria maisha yangu yote naona pale watu waliokuwa na hati mkononi na wakakosa mahakama waliyoiamini.

Binti wa Pwani:
Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu hati, ila tusiipunguze dini mno, kwa sababu hati ile ilikuwa na uzito kwa kuwa watu waliamini wokovu wao umo ndani yake. Hata Amri ya mwaka 1629, ambayo Kaizari Ferdinand II aliitumia kudai mali za Kanisa zilizochukuliwa tangu 1552, ilikuwa imani na mali kwa pamoja. Sioni namna ya kuvitenganisha.

Kuhusu kadinali, jibu limo katika siasa za Habsburg, ukoo wa Kaizari Ferdinand. Kaizari alichaguliwa na wateuzi saba: maaskofu wakuu watatu, watawala watatu wa Kiprotestanti, na mfalme wa Bohemia, kwa hiyo kura ya Bohemia ndiyo iliyoamua. Waasi wa Bohemia walipompa taji lao Frederick V, mtawala wa Kiprotestanti wa Palatinate huko Ujerumani, tarehe 26 Agosti 1619, siku mbili tu kabla Ferdinand hajachaguliwa kaizari huko Frankfurt, walikuwa wameugusa mzizi wenyewe wa ukoo huo. Hispania nayo, iliyotawaliwa na tawi jingine la Habsburg, ilihitaji njia ya kupitishia askari kutoka Italia hadi Uholanzi, ambako mapatano ya kusitisha vita yangeisha mwaka 1621. Ufaransa ikajiona imezingirwa pande zote, na Richelieu akaweka usalama wa taji la mfalme wake mbele ya umoja wa madhehebu.

Mjukuu wa Mkulima:
Naomba niwataje na wanyonge. Bei zilikuwa zimepanda kwa karne nzima, baridi iliharibu mavuno mara kwa mara, na kijana asiye na shamba aliuona ujira wa askari kuwa riziki. Serikali hazikuwa na fedha za kulipa majeshi. Ndiyo maana jemadari Wallenstein, aliyemuundia kaizari jeshi mwaka 1625, aliwalisha askari wake kwa michango iliyokamuliwa kwenye miji na vijiji walimopita, na vita vilivyolishwa hivyo havikuwa rahisi kuvizima.

Ferdinand mwenyewe aliiweka Austria ya Juu rehani kwa mtawala wa Bavaria kwa sababu ya gharama za vita. Mwezi Mei 1625, wananchi wa Frankenburg, katika jimbo hilo, walipompinga kasisi wa Kikatoliki waliyeletewa, gavana wa Bavaria aliwaita uwanjani akiwaahidi huruma. Viongozi wao wakasimamishwa wawiliwawili na kulazimishwa kurusha dadu, na waliorusha namba ndogo wakanyongwa. Mwaka uliofuata wakulima wa jimbo zima waliasi, wakidai imani yao na kuondolewa kwa Wabavaria kwa wakati mmoja.